Viwanda ni robo ya uchumi wa Indiana: robo ya nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma uchumi hapa Indiana, Marekani, na nimepewa kazi ya kuandika kuhusu mchango wa viwanda katika uchumi wa jimbo. Namba zinanichanganya. Takwimu za pato zinasema viwanda ni kama robo ya uchumi. Takwimu za ajira zinasema ni kama asilimia 16. Halafu kuna kijitabu cha wenye viwanda kinachodai kila ajira ya kiwandani huzaa nyingine tatu. Nitumie ipi? Na mbona mzee mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa chuma kule Gary, ananiambia viwanda vilishakufa zamani?

JIBU: Marahaba. Namba zako mbili za kwanza ni sahihi, ila hazipimi kitu kimoja. Ya tatu ina kasoro. Na huyo mzee usimpuuze, ana hoja nzito kuliko kijitabu.

Tuanze na robo. Hiyo si robo ya mauzo, na hapa ndipo wengi hujikwaa, wakiwamo waandishi wa habari: wanachukua mauzo yote ya viwanda, wanayagawa kwa pato la jimbo, wanapata asilimia ya kutisha. Pato la jimbo, ambalo hutolewa na BEA, ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayokokotoa takwimu za uchumi, ni jumla ya thamani iliyoongezwa, yaani ulichouza ukitoa ulichonunua kwa wengine ili uweze kutengeneza.

Chukua magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani. Sehemu kubwa ya yanayotengenezwa Marekani hutoka kaunti ya Elkhart na maeneo ya jirani, kaskazini mwa jimbo lako. Tuseme moja limetoka kiwandani kwa dola 60,000. Fremu, matairi, mbao, jokofu, madirisha na umeme wa kuendeshea kiwanda vimenunuliwa kwa dola 45,000. Kiwanda kimeongeza dola 15,000, na hizo tu ndizo zinazoandikwa kwa jina lake kwenye pato la jimbo. Kama fremu nayo imeundwa Elkhart, thamani yake imeshaandikwa kwa aliyeiunda; ukijumlisha mauzo ya wote wawili, fremu moja umeihesabu mara mbili. Kama jokofu limetoka jimbo jingine, thamani yake haimo kabisa kwenye hesabu za Indiana, hata kama limefungwa kwa mikono ya watu wa Indiana.

Sasa zigawe zile dola 15,000. Kuna mishahara, kuna kodi, kuna fungu la kufidia uchakavu wa mitambo, na kuna faida. Mgawanyo huo ndio unaoeleza pengo kati ya robo na asilimia 16. Kuunganisha magari-nyumba ni kazi ya mikono mingi, kwa hiyo mishahara hula sehemu kubwa. Dawa ni kinyume chake. Kampuni ya Eli Lilly, iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1876, huongeza thamani kubwa sana kwa kila mfanyakazi, kwa sababu anayenunua dawa analipia utafiti wa miaka mingi na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuza peke yake, si saa za mtu aliyesimama kwenye mashine. Chuma kipo katikati. Uchanganye wote, utapata sekta ambayo fungu lake la pato ni kubwa kuliko fungu lake la ajira. Marekani nzima hali ni hiyohiyo kwa kiwango kidogo zaidi: viwanda ni kama asilimia 10 au 11 ya pato la taifa, na kama asilimia 8 ya ajira. Indiana iko kileleni au karibu na kilele cha orodha ya majimbo kwa vipimo vyote viwili.

Ukitaka kuona jinsi fungu la pato linavyoweza kudanganya, tazama Louisiana. Mitambo ya kusafisha mafuta huhesabiwa kuwa viwanda. Ikitokea tofauti kati ya bei ya mafuta ghafi na bei ya petroli imepanuka, thamani iliyoongezwa hupaa mwaka huo bila mtu hata mmoja kuajiriwa. Ndiyo maana sipendi kulinganisha majimbo kwa pato peke yake.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi huliruka: faida hiyo ni ya nani? Subaru iko Lafayette, Toyota iko Princeton, Honda iko Greensburg, na wamiliki wote watatu wako Japani. Mtambo mkubwa wa Gary ni wa U.S. Steel, yenye makao yake Pittsburgh, na ambayo tangu mwaka 2025 nayo ni mali ya Nippon Steel ya Japani. Thamani imezalishwa Indiana na inaandikwa kwenye pato la Indiana, lakini faida huenda kwa wenye mali, popote walipo. Kinachobaki ni mishahara, malipo ya wauzaji wa vipuri walio ndani ya jimbo, na kodi ya majengo na mitambo. Kodi ya faida nayo usiitegemee sana: tangu mwaka 2011 Indiana hupima fungu lake la faida ya kampuni kwa kuangalia tu mauzo yaliyofanyika ndani ya jimbo, kwa hiyo kiwanda kinachouza karibu kila kitu nje hulipa kidogo hapo. Basi karibu na pato, weka jedwali la mapato ya wakazi. Lipo huko huko BEA, ni la bure, na karibu hakuna mwanafunzi anayelifungua.

Asilimia 16 nayo ina mipaka yake. Takwimu za ajira huhesabu eneo la kazi, na kila eneo hupewa namba moja ya shughuli. Fundi aliyeletwa kiwandani na wakala wa ajira huhesabiwa kwenye huduma kwa biashara, hata kama amesimama kwenye mstari uleule na mwenzake aliyeajiriwa moja kwa moja. Kiwanda kikimkabidhi mkandarasi kazi ya usafi, ulinzi na chakula, ajira za viwandani zimepungua siku hiyohiyo, na watu ni walewale. Ofisi kuu ya kampuni ikiwa jengo tofauti, mara nyingi nayo haihesabiwi kiwanda. Kwa hiyo asilimia 16 ni ya chini kidogo kuliko hali halisi.

Sasa kijitabu. Dai la ajira moja kuzaa tatu hutokana na kizidishi, ambacho asili yake ni majedwali ya nani ananunua nini kwa nani. Kazi hiyo ilimpa mchumi Wassily Leontief tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kizidishi hujumlisha mafungu matatu: ajira za kiwanda chenyewe, ajira za wanaokiuzia kiwanda, na ajira zinazotokana na wafanyakazi wa makundi hayo mawili kutumia mishahara yao kwa kinyozi, daktari na fundi bomba. Hesabu yenyewe ni halali. BEA huuza vizidishi vya majimbo na kaunti chini ya jina RIMS II, na ofisi nyingi za mipango huvitumia.

Tatizo linaanzia kwenye matumizi. Indiana ina ajira za viwandani zaidi kidogo ya nusu milioni, ndani ya ajira kama milioni 3.2 zisizo za kilimo. Ukisema kila moja huzaa tatu, umeshadai zaidi ya milioni 2, karibu thuluthi mbili ya jimbo. Haya, waite na wakulima wakadai chao, hospitali zidai chao, vyuo vikuu vidai chao, wenye malori wadai chao, kila mmoja akitumia kizidishi chake halali kabisa. Jumla itakuwa ajira nyingi kuliko zilizopo Indiana. Mfanyakazi wa chuma huhesabiwa kwenye sekta yake, kisha anahesabiwa tena kama muuzaji wa kiwanda cha magari, kisha anahesabiwa mara ya tatu pale mfanyakazi wa hospitali anapotumia mshahara wake kununua gari lenye chuma hicho. Kizidishi kiliundwa kujibu swali la nyongeza: ikija ajira moja mpya hapa, nini kitabadilika? Hakikuundwa kujibu nani anabeba jimbo.

Hata kwa swali la nyongeza, kinahitaji tahadhari. Kinachukulia kwamba watu wa kuajiri wapo wamekaa wanasubiri, na kwamba bei za nyumba na mishahara hazitasogea. Ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 3, kiwanda kipya hakizalishi wafanyakazi, kinawavuta kutoka kwa jirani. Mchumi Enrico Moretti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, aliacha majedwali akatazama kilichotokea kweli katika miji ya Marekani. Mwaka 2010 alichapisha matokeo yake: kila ajira ya kiwandani iliyoongezeka iliambatana na ajira 1.6 katika huduma za mji huohuo. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo, na tatu ningeiachia kijitabu.

Lakini kwa nini ajira ya kiwandani ilete chochote? Kinyozi wa Elkhart huwanyoa watu wa Elkhart, kwa hiyo hela anayopata ilikuwa mjini tayari. Gari-nyumba huuzwa Texas au Kanada, na hela yake ni mpya kwa mji. Huu ndio mchango wenyewe ambao asilimia haziuonyeshi. Viwanda havina hakimiliki ya jambo hili: chuo kikuu kinachopokea wanafunzi kutoka majimbo mengine kinauza nje vilevile, na kampuni ya programu pia. Tofauti ni kwamba katika kaunti nyingi za Indiana, ukiondoa kiwanda na mashamba, hutapata kingine chenye ukubwa wa maana kinacholeta hela kutoka nje.

Mfano ninaoupenda ni Warsaw, mji wa watu kama 16,000 tu. Mwaka 1895 Revra DePuy alianza hapo kutengeneza magango ya kufungia mifupa iliyovunjika. Mwaka 1927 mmoja wa wauzaji wa kampuni hiyo, Justin Zimmer, alitoka akaanzisha yake katika mji huohuo. Mwaka 1977 ikazaliwa Biomet, palepale. Leo mji huo ni mmoja wa vituo vikubwa duniani vya kutengeneza viungo bandia vya nyonga na magoti. Hakuna madini hapo, hakuna bandari. Kuna mafundi wanaojua kukata titani kwa usahihi mkubwa, na kampuni ndogo ndogo za kuwauzia huduma wale wakubwa. Ujuzi wa namna hii ni sehemu ya mchango wa viwanda, na sijaona jedwali lolote linaloukamata vizuri.

Tumrudie mzee wa Gary. Mji huo uliasisiwa na U.S. Steel mwaka 1906 kwa ajili ya mtambo. Mwaka 1960 ulikuwa na watu 178,320. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta 69,093. Mtambo haukufa, bado ni miongoni mwa mikubwa ya Amerika Kaskazini, na Indiana bado inaongoza majimbo yote kwa uzalishaji wa chuma. Kilichopungua ni saa za kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tani moja ya chuma Marekani ilihitaji takriban saa 10 za mtu. Siku hizi ni chini ya saa 2. Yapo mengine yaliyoiumiza Gary, ushindani wa chuma kutoka nje na wakazi weupe kuhamia vitongojini yakiwa kati ya makubwa. Hata hivyo, anayeangalia pato anaona kiwanda kizima, na anayeangalia lango la kiwanda wakati wa kubadilishana zamu anaona kilichokufa. Mzee wako alisimama langoni.

Usisahau kuandika pia kuhusu kuyumba. Mtu hununua gari-nyumba akiwa na hela ya ziada na benki ikiwa tayari kumkopesha. Uchumi ulipoanguka, ukosefu wa ajira Elkhart ulikaribia asilimia 20 mapema mwaka 2009, na Rais Obama akaenda huko wiki chache baada ya kuapishwa kunadi mpango wake wa kufufua uchumi. Mwaka 2018 kaunti hiyohiyo ilikuwa na ukosefu wa ajira wa kama asilimia 2, na wenye viwanda wakilia hawapati watu. Wastani wa miaka kumi hauonyeshi lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo chora mstari wa kila mwezi, usitoe namba moja.

Kwa kazi yako basi: tumia robo unapozungumzia thamani inayozalishwa ndani ya jimbo, na uitaje kwa jina lake kamili: robo ya thamani iliyoongezwa. Tumia asilimia 16 unapozungumzia watu, ukiongeza sentensi moja kuhusu mawakala wa ajira. Kizidishi kitumie kwa mradi mmoja mpya unaojulikana ukubwa na mahali pake. Na ukipata nafasi, mwombe mzee akueleze walikuwa wangapi kwenye zamu yake mwaka alioanza kazi, na wangapi mwaka alioondoka.