Taa ya bwawa ikizeeka, balbu iangalie mwisho

Taa ya ndani ya bwawa la kuogelea ikizima, wengi hukimbilia kununua balbu. Kwa taa ya miaka mingi, mimi balbu naiangalia mwisho. Mara nyingi mchawi ni maji: yamepenya kwenye gasketi (mpira wa kuziba maji) iliyokakamaa, au yamefuata kebo mpaka ndani. Ukiweka balbu mpya na maji bado yanaingia, umelisha mbwa asiyeshiba.

Kwanza zima umeme kwenye breka, si kwenye swichi ya ukutani, kisha hakikisha kwa testa kwamba umekatika kweli. Watu wote watoke majini. Kama taa yako haitumii volti 12 bali umeme mkubwa moja kwa moja, mwachie fundi umeme anayejua mabwawa. Hapo sina mjadala.

Naanzia nchi kavu. Taa ya halojeni ya wati 300 kwa volti 12 inavuta ampea 25, na mkondo wa namna hiyo hausamehe kiungo kilicholegea. Taa ikififia, kaza skrubu za transfoma na uangalie kama plastiki iliyo karibu nazo imebadilika rangi kwa joto. Kisha fungua boksi la viungio. La zamani huwa na vituko: shaba imeota ukijani, sisimizi wamehamia na mayai yao. Kata sehemu iliyooza, chuna waya upya, unga vizuri.

RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ikikata kila ukiwasha taa ya umeme mkubwa, fundi aitenganishe kebo ya taa kwenye boksi. Ikitulia, ugonjwa uko kwenye taa au kebo yake. Ikiendelea kukata, tafuta upande wa nyumba. Taa ikiwaka kidogo ndipo RCD ikate, nashuku unyevu ndani ya taa. Kwa taa ya volti 12 usitegemee dalili hii, maana transfoma imetenganisha pande mbili na RCD haioni kinachovuja upande wa bwawa.

Kuitoa taa hakuhitaji kumwaga maji. Kwa kawaida kuna skrubu moja juu ya fremu, na nyuma yake kebo ya ziada imezungushwa ili taa ifike ukingoni. Ukikuta bomba la kebo limejaa maji, usishtuke. Kwa mabwawa mengi ndivyo lilivyo.

Ukishaifungua, soma alama. Mstari wa kutu chini ya kioo unaonyesha maji yalisimama hapo muda mrefu. Gasketi ya zamani itupe hata kama inaonekana nzima: imeshalala, haitarudi kujaza nafasi yake. Kuipaka silikoni ili iendelee kutumika ni kujidanganya. Safisha mfereji wake kwa siki na kitambaa mpaka chokaa yote itoke, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Skrubu kaza kwa kupishana, kidogo kidogo.

Sasa izamishe taa ikiwa imezimwa, uitazame dakika chache. Mapovu machache yaliyonasa kwenye fremu si kitu. Mapovu yanayofuatana kutoka sehemu moja yanamaanisha fungua tena. Usiiwashe ikiwa nje ya maji, kwani taa hizi hupozwa na maji yenyewe na kioo kinaweza kupasuka.

Kama maji yameingia kupitia kebo, au ganda lake limekauka na kupasuka, nunua taa nzima pamoja na kebo yake. Kebo haiungwi chini ya maji, hata kwa tepu ya aina gani. Ya zamani huwa inafaa kuvutia mpya ndani ya bomba.

Ukihamia LED, angalia transfoma kwanza. Baadhi ya zile za kielektroniki za halojeni zinahitaji mzigo mkubwa, kwa hiyo LED ya wati chache itapepesa au itagoma kuwaka. Transfoma ya koili haina shida hiyo, ila hakikisha taa mpya inakubali umeme wa AC.

Baada ya hapo kazi ni ndogo: bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD kila mwezi, na weka pH kati ya 7.2 na 7.6, kwa kuwa maji yenye asidi hula skrubu na fremu kabla hujagundua.