Bibi kavunjika nyonga, mkaambiwa "ni uzee tu": yaliyomkuta mama yangu

Mleta mada, umeuliza mambo mawili: kuzeeka kwa seli kunahusiana vipi na bibi yako kuvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni, na kama ununue vile vidonge vya "kuondoa seli zilizozeeka" ulivyotangaziwa. Pole sana kwa kuuguza. Mimi si daktari, ila nimemuuguza mama mwaka wa nne sasa.

Mama alikuwa na miaka 71. Alikuwa anakuna nazi, akainuka kwenye mbuzi, akajikwaa kwenye dera lake na kujikinga kwa kiganja. Anguko dogo mno. Mimi nilikuwa naosha mchele pembeni, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Tulikompeleka wakamfunga hogo, wakasema ni uzee, tukarudi nyumbani. Baada ya miezi saba mgongo ukaanza kumuuma hata akikohoa. Picha ikaonyesha pingili mbili zimebonyea.

Hapo ndipo nilipokumbuka madera. Miaka miwili nzima mama alikuwa analalamika kwamba fundi anamshonea marefu, akawa anayapinda pindo mwenyewe. Kumbe fundi alikuwa anatumia vipimo vilevile vya zamani. Mama alikuwa anafupika, na sote tulikuwa tunaona pindo.

Ni kweli uzee umo, lakini uzee una kazi unayoifanya ndani. Mfupa ni kitu hai, kila siku unabomolewa na kujengwa upya. Zipo seli za kubomoa na seli za kujenga, na zipo zilizozama ndani ya mfupa wenyewe, osteosaiti, zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa, ambazo ndizo zinazosimamia kazi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na wabomoaji hupata nguvu. Umri ukisonga linaongezeka jingine: baadhi ya seli huacha kugawanyika lakini hazifi, ndizo hizo "seli zilizozeeka". Hubaki palepale zikimwaga kemikali za kuleta uvimbe, na kemikali hizo huwachochea wabomoaji na kuwadhoofisha wajenzi. Kwenye uboho nako, seli changa ambazo zingekuwa wajenzi huishia kwa wingi kuwa mafuta.

Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliondoa seli hizo zilizozeeka kwenye panya wazee na mifupa yao ikawa imara zaidi. Nilivyosoma hiyo usiku ule nilipata matumaini makubwa. Lakini mwaka 2024 yalitoka majibu ya jaribio la wanawake 60 waliokoma hedhi, waliopewa dasatinibu na kwesetini, dawa mbili za kuondoa seli hizo, kwa vipindi ndani ya wiki 20. Dalili za ujenzi wa mfupa zilipanda wiki za mwanzo kisha zikarudi chini, na ubomoaji haukupungua. Dasatinibu yenyewe ni dawa ya saratani ya damu. Kwa hiyo hela ya vile vidonge iweke, mkuu.

Itumie kwa kipimo cha DEXA, picha inayopima uimara wa mifupa. Alama yake (T-score) ikiwa -2.5 au chini ya hapo, mwulize daktari kuhusu dawa za kuwazuia wabomoaji, na akague figo kwanza. Mama anameza mojawapo, alendroneti ya miligramu 70 kila Jumapili alfajiri, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha hajilazi wala hali chochote kwa nusu saa. Ilimchoma koo mara moja tu, siku aliyorudi kitandani. Dagaa anakula wazima na miiba yake. Bafuni tumefunga bomba la kushikilia. Na kama bibi ametumia prednisoloni (dawa ya steroidi) kwa muda mrefu, mwambieni daktari, maana inakula mifupa, ila msiikatishe wenyewe.

Leo jioni mwulize bibi kama nguo zake za zamani zimeanza kuburuza. Akisema ndiyo, omba apigwe picha ya mgongo pia, wasiishie kwenye nyonga.