Niliyoyachukua Kambini Nikayapeleka Ofisini

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, katika likizo ya Juni, baba alinipeleka kwenye kambi ya skauti iliyopigwa pembezoni mwa msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe, nikakaa huko siku tisa. Tulikuwa watoto wapatao 40 kutoka shule mbalimbali za Dar es Salaam. Katika kikundi changu cha watu wanane alikuwamo mtoto wa daktari wa Oysterbay ambaye hakuwa amewahi kuwasha kuni maishani mwake, na mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Feri ambaye aliweza kuwasha moto hata kuni zikiwa zimelowa umande. Ilipofika siku ya tatu hakuna aliyejali tena nani ametoka wapi, kwa sababu ugali haukuwa ukisongwa mpaka yule wa Feri awe amewasha moto, na maji hayakuwa yakifika jikoni mpaka yule wa Oysterbay na mimi tuwe tumepanda kilima na ndoo zetu. Leo nasimamia watu katika ofisi ya uwakala wa forodha huko Kurasini, na naamini kwa dhati kwamba siku zile tisa zilinifundisha kufanya kazi na wenzangu kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Kambi za namna hii zina historia ndefu. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Marekani, Frederick Gunn, aliwatembeza wanafunzi wake kwa miguu hadi ufukweni wakaishi katika mahema kwa takriban wiki mbili, na wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa kambi za kiangazi za nchi ile. Agosti 1907 Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, naye aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, baadhi yao wakiwa wa shule za matajiri na wengine watoto wa familia za kawaida, akawachanganya katika vikundi vinne, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake miongoni mwa wavulana wenyewe. Kwetu mwezi wa Juni ni kipupwe wala si kiangazi, lakini mpango ulikuwa ule ule: vikundi vidogo, watu waliochanganywa kwa makusudi, na kazi ambayo usipoifanya wewe, wenzako watalala na njaa.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Maofisi mengi ya hapa mjini yakitaka kuleta ari ya kambi, huandaa bonanza. Sisi pia tuliwahi kufanya hivyo: tulikwenda ufukwe wa Kigamboni kwa siku nzima, tukavuta kamba, tukakimbia ndani ya magunia, tukala pilau, tukarudi tumechoka na tumefurahi. Jumatatu iliyofuata kontena la mteja lilizuiliwa bandarini kwa sababu tarakimu moja ilikuwa imekosewa katika nyaraka. Watu wa nyaraka wakasema kosa ni la watu wa bandarini ambao hawakukagua, watu wa bandarini wakasema kosa ni la wale wanaokaa kwenye kiyoyozi, na wakati huo gharama za kuhifadhi kontena zilikuwa zikiongezeka kila siku. Wale wale waliokuwa wamevuta kamba upande mmoja siku mbili kabla hawakuweza kuvuta pamoja. Sisemi kwamba bonanza ni baya. Nasema kwamba michezo ya kambini ilikuwa tamu kwa sababu ilikuja baada ya kubeba maji pamoja, na ukiileta peke yake huwa umeleta mapumziko tu.

Kwa hiyo nilianza na zamu. Kule Pugu, kila asubuhi filimbi ilipopigwa vikundi vilibadilishana kazi: waliokuwa jikoni jana walikwenda kutafuta kuni, waliokuwa kwenye usafi walikwenda kuteka maji. Hakuna aliyeweza kumdharau mpishi, kwa kuwa kesho yake angekuwa mpishi yeye. Nilipata ruhusa ya mkurugenzi kwamba kila mfanyakazi, mara moja kwa mwezi, atumie nusu siku katika kitengo ambacho si chake, akisaidia kazi halisi wala si kutazama tu. Kijana wetu mmoja wa nyaraka alikwenda bandarini na afisa wetu wa ugomboaji, yaani wa kutoa mizigo bandarini, akasimama juani tangu saa tatu hadi saa saba, akaona jinsi mtu anavyofika dirishani baada ya kusubiri muda wote huo, akaambiwa kwamba namba ya kontena kwenye karatasi hailingani na ile iliyoandikwa ubavuni, akalazimika kurudi ofisini kwa kupenya katikati ya foleni ya malori. Tangu siku ile kijana huyo huisoma kila namba kwa sauti, mara mbili, kabla ya kutuma. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Zamu ziliwagusa wakubwa pia, na hapa nashauri msimamizi awe mkweli na nafsi yake. Kiongozi wetu wa kambi, mtu mzima ambaye sote tulimwamkia shikamoo, alikuwa akiosha masufuria yenye ukoko siku ya zamu yake, na hakuna fundisho la unyenyekevu lililoniingia kama lile. Ofisini kwetu tarishi ndiye aliyekuwa akiandaa chai ya saa nne siku zote. Sasa tunaandaa kwa zamu, mimi nikiwamo, na katika nusu saa aliyoipata tarishi wetu anajifunza kujaza nyaraka za forodha. Kama mkubwa hayuko tayari kushika birika, ni afadhali asilianzishe jambo hili, kwa maana watu watalitambua mara moja kuwa ni amri nyingine iliyovishwa nguo ya undugu.

Jambo la pili ni moto wa jioni, na kwangu hili ndilo moyo wa kambi. Kabla ya nyimbo, kila kikundi kilieleza mambo matatu: tumefanya nini leo, nani alitusaidia, na nini kimebaki. Ofisini tunakutana dakika 15, saa kumi na nusu jioni, tukiwa tumesimama, na kahawa chungu na kashata mezani, tukiulizana maswali yale yale. Swali la pili ndilo linalofanya kazi kubwa. Mtu anaposikia jina lake likitajwa mbele ya wenzake kwa msaada ambao alidhani hakuna aliyeuona, uso wake hubadilika. Mama mmoja wa hesabu, mkubwa kwetu sote kwa umri, alinyamaza kwa wiki tatu nzima za mwanzo, nasi hatukumlazimisha. Wiki ya nne akasema kwa utulivu kwamba alikuwa amechelewesha malipo ya mteja mmoja kwa kukosea tarehe, na kwamba dereva wetu ndiye aliyemkumbusha. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba kosa linalosemwa katika kikao kile, maadamu si wizi wala udanganyifu, halitatumiwa kumwadhibu aliyelisema. Tuliitimiza ahadi hiyo siku ile, na nadhani ndiyo siku ambayo kikao chetu kilizaliwa hasa.

Wapo pia wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kambini ilikuwa hivyo hivyo: mtoto mpya alipewa mwenyeji wa kumwonyesha choo kilipo na maji yanapotekwa, kisha akapewa ndoo. Mfanyakazi mpya naye apewe mwenyeji mmoja kwa wiki mbili, ambaye si bosi wake, na siku ya tatu apewe kazi ya kweli iliyo ndogo. Kumkalisha mtu mwezi mzima akisoma miongozo ni kumfanya ajione mzigo.

Nyimbo na makofi niliviacha. Watu wazima wana heshima yao, na anayependa kuimba ataimba mwenyewe.

Lazima niseme pia mahali ambapo kambi na kazi hutengana, kwa sababu nimeona ari ya kambi ikitumiwa kuwanyonya watu. Sisi tulikwenda Pugu kwa siku tisa tukarudi kwa mama zetu. Mfanyakazi yuko pale kwa ajili ya mshahara, ana watoto, na anaishi Mbagala au Gongo la Mboto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa kwa angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Maneno kama "sisi ni familia" hayafuti kikomo hicho. Ndiyo maana kikao chetu kiko ndani ya saa za kazi, nusu siku ya kubadilishana vitengo ni siku ya kazi, na hakuna anayeitwa Jumamosi kwa jina la umoja.

Ukitaka kuanza, anza na kikao cha jioni peke yake kwa mwezi mmoja kabla ya kugusa zamu, na anayeongoza abadilike kila wiki. Angalia pia majira. Masika yanapoanza na barabara kujaa maji, sisi hukisogeza hadi saa tisa na nusu, kahawa inachemshwa mapema, ili wanaokwenda Mbagala na Chanika wawahi magari kabla foleni haijafunga.