Chuo chetu ni cha mkoani: tutaishia kubeba ndoo za wageni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sayansi ya mazingira katika chuo kikuu cha mkoani. Chuo kikubwa cha nje kimetuletea hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja na nusu. Watakuja kuchukua sampuli za maji na udongo kwenye bonde la mto tulio jirani nao, na sisi “tutawezesha kazi ya uwandani”. Mkuu wa kitivo anataka tusaini haraka, wasije wakaghairi. Wenzangu wanasema tutakuwa wabeba ndoo tu. Je, chuo kama chetu kina nafasi gani ya kweli?

JIBU: Marhaba, mwanangu. Hofu ya wenzako ina msingi, ila wanajipunja. Hao wageni hawaji kwa huruma. Mashine wanazo, fedha wanazo, majina kwenye majarida wanayo. Wasichokuwa nacho ni kuwepo. Atakayechota maji ya mto huo kiangazi, kisha wakati wa mafuriko, kisha mwakani na mwaka wa kumi, ni nyinyi. Na mabadiliko ya mazingira hayaonekani kwa sampuli za wiki mbili.

Tazama Hubbard Brook, msitu ulioko New Hampshire, Marekani. Mwaka 1963 Herbert Bormann na Gene Likens, wakati huo wakifundisha Dartmouth, chuo kisicho kikubwa lakini kilicho jirani na msitu, walianza pamoja na wenzao wa Idara ya Misitu kupima mvua inayoingia msituni na maji yanayotoka kwenye vijito. Mvua ya asidi hawakuwa wakiitafuta kabisa. Waliikuta kwenye chupa zao: pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya karibu 4, wakati mvua safi huwa karibu 5.6, na viwanda viko mbali sana. Wakaendelea kupima vilevile, wiki baada ya wiki, miaka na miaka, na rekodi hiyo ikawa sehemu ya ushahidi uliotumika katika marekebisho ya mwaka 1990 ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani. Angekuja mgeni wa msimu mmoja angepata namba ya kushangaza na asiwe na la kuilinganisha nalo.

Au University of East Anglia, mjini Norwich, Uingereza. Kilipoanzisha kitengo chake cha utafiti wa tabianchi mwaka 1972, chini ya Hubert Lamb, chuo chenyewe hakikuwa hata na miaka kumi tangu kipokee wanafunzi. Kazi iliyokipa jina ni ya kuchosha kuliko unavyodhani: kukusanya vipimo vya joto vya vituo vya hewa duniani kote na kuvisafisha makosa. Leo huwezi kuzungumzia joto la dunia ukairuka rekodi hiyo.

Sasa turudi kwenye karatasi yenu. Hilo neno “tutawezesha” ndilo la kufuta. Maana yake ni kwamba mtatafuta vibali, dereva na mwenyeji wa kuwatembeza, kisha mtatajwa kwenye aya ya shukrani mwishoni mwa makala.

Mimi nimesimamia stoo ya sampuli kwa miaka, basi niache nikuambie kinachofanyika kando ya mto. Chupa ya kupimia metali hutiwa asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hung'ang'ania ukuta wa chupa na maabara haitaziona. Ya naitreti huchujwa na kugandishwa. Lebo ya kopo lenye ethanoli, yaani pombe ya kuhifadhia sampuli, huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka na sampuli ikabaki haina jina. Jua linazama, chupa moja imepasuka, barafu imebaki kidogo: nani anaamua ipi iokolewe? Ni mtu wenu. Akikosea, mashine ya bei mbaya huko ng'ambo itatoa takataka zenye desimali nne. Mtu huyo ni mtafiti, na jina lake likae miongoni mwa waandishi wa makala.

Udongo nao una mambo yake, kwa sababu ndani yake mna bakteria na kuvu. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Oktoba 2014, inadai ridhaa ya awali na masharti ya kugawana faida kabla rasilimali za kijenetiki, yaani viumbe na vinasaba vyao, hazijatumiwa. Lakini vinasaba vikishasomwa na kuwekwa kwenye kanzidata huria, ufuatiliaji unakuwa mgumu. Mkutano wa bioanuwai wa Cali mwaka 2024 uliweka utaratibu wa mfuko ambao kampuni zinazonufaika na data hizo zinatarajiwa kuuchangia. Msiutegemee. Andikeni wenyewe sampuli zitatumika kwa nini, na kwamba matumizi mapya yanahitaji kibali kipya. Na kila sampuli iwe na pacha wake anayebaki kwenu.

Kuhusu haraka ya mkuu wa kitivo, mwambie asiwe na presha. Hati ya jumla kwa kawaida haina fedha ndani yake. Hata kesho asaini, mradi neno hilo lirekebishwe. Kinachobana ni kiambatisho cha mradi. Humo dai mtafiti mkuu mwenza atoke kwenu, data ghafi zihifadhiwe pande zote mbili, na angalau mwanafunzi wenu mmoja asomee uzamivu kwa data hizo. Hawatakimbia. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya una kanuni ya maadili kwa miradi unayoifadhili, inayokataza utafiti wa kuchota na kuondoka, na wafadhili wengine nao wanauliza maswali hayohayo.

Watakapokaza ni kwenye muda. Miradi mingi ni ya miaka mitatu, mitano ukibahatika. Hata vipimo vya kaboni dayoksaidi vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanzishwa na Charles Keeling mwaka 1958, vilikatika kwa miezi kadhaa mwaka 1964 kwa ukata wa fedha, na pengo hilo halizibiki. Kwa hiyo kabla bajeti haijafungwa, waulizeni waziwazi: mwaka wa nne, betri za vifaa vya kupimia mto atanunua nani?