Jibu: Kwa nini soko huria la umeme na gesi bado linahitaji mdhibiti

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali ikishafungua soko la umeme na gesi bado inaweka mamlaka ya udhibiti. Sababu kubwa ni nyaya na mabomba. Kuzalisha umeme na kuuuza ni kazi ambazo kampuni nyingi zinaweza kushindania, lakini kujenga gridi (mtandao wa nyaya za kusafirisha umeme) ya pili kando ya ile iliyopo ni gharama isiyo na maana, hivyo mwenye njia ya usafirishaji hubaki peke yake, na kama naye anauza umeme, ana kila sababu ya kuwabana washindani wake. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ulioanza kufungua soko kwa maelekezo (sheria za pamoja kwa nchi wanachama) ya mwaka 1996 kwa umeme na 1998 kwa gesi, mwaka 2009 ulidai utenganisho mkali zaidi kati ya usafirishaji na biashara, pamoja na wadhibiti walio huru.

Sababu ya pili ni kwamba umeme, tofauti na gesi, ni mgumu kuhifadhi kwa wingi, na mzalishaji anayezima mtambo wakati wa uhaba anaweza kupandisha bei kwa wote. California ililipia jambo hilo mwaka 2000 na 2001: bei za jumla ziliachwa huru huku za rejareja zikiwekewa kikomo, wauzaji wakalichezea soko, umeme ukakatwa kwa zamu, na Pacific Gas and Electric, kampuni iliyonunua umeme kwa bei ya jumla na kuwauzia wateja, ikaomba kinga ya mufilisi (ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai). Kwa maoni yangu, mdhibiti aundwe kabla soko halijafunguliwa.