Jaribio la Kwanza ni la Timu: Ushauri kwa Klabu Inayokwenda Mashindano ya Taifa ya Pawalifti

Pawalifti ni mchezo wa kunyanyua uzito kwa minyanyuo mitatu, kila mmoja kwa majaribio matatu: skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani), benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni). Mara ya kwanza klabu yetu ilipokwenda kwenye mashindano ya taifa ya mchezo huu, tulikuwa wanyanyuaji watano na kocha mmoja, nami nilikuwa miongoni mwa hao watano. Nilifungua skwoti kwa kilo 190, uzito ambao mazoezini nilikuwa nimeumudu mara mbili tu, tena katika siku ambazo nilikuwa nimepumzika vizuri na wenzangu wamenizunguka wakinitia moyo. Majaribio yote matatu yalipata taa nyekundu, yaani marefa waliyakataa, kwa sababu moja: sikushuka vya kutosha. Kanuni inataka mkunjo wa nyonga upite chini ya usawa wa juu wa goti, na nyonga zangu zilikuwa zikisimama juu kidogo ya hapo kila mara. Anayekosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja hana jumla, yaani uzito wa jaribio lake bora la kila mnyanyuo ukijumlishwa, na asiye na jumla haiingizii timu yake hata pointi moja. Tuliikosa nafasi ya tatu kwa pointi nne. Baadaye tulipopitia karatasi za matokeo tuliona kwamba hata kwa uzito wa kawaida kabisa, ule ninaoufanya kila wiki jimuni, ningemaliza wa sita katika daraja langu la uzito wa mwili na kuleta pointi tano.

Tangu mwaka huo nimekwenda na timu mara kadhaa, mara nyingi nikiwa msaidizi wa wanyanyuaji kuliko mnyanyuaji, na karibu kila ninachowaambia vijana wa klabu kabla ya safari kinatokana na hesabu ile ya pointi nne.

Pointi za timu zinastahili kueleweka mapema, kwa kuwa wengi huzifahamu siku ya kutangazwa washindi. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, IPF, ambazo mashindano yetu ya taifa yanazifuata, mshindi wa kwanza katika daraja lake la uzito hupata pointi 12, wa pili 9, wa tatu 8, kisha 7, 6, 5, 4, 3, na wa tisa 2. Kuanzia wa kumi, kila aliyekamilisha jumla hupata 1. Kwa kila timu huhesabiwa matokeo matano yaliyo bora. Ukizitazama namba hizo kwa utulivu utaona jambo ambalo sisi hatukuliona: bingwa wenu akiteleza kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili, mnapoteza pointi tatu, lakini mtu wa nafasi ya sita akitoka bila jumla, mnapoteza tano. Timu yenye watu watano kamili haina wa kumfidia. Ndiyo maana mimi hutumia muda mwingi zaidi na mnyanyuaji wa katikati, yule ambaye hakuna anayemtarajia kupanda jukwaa la medali, kuliko na nyota wa klabu.

Ulinzi wa jumla huanzia kwenye jaribio la kwanza. Uzito wa kufungulia uwe ule unaoweza kuurudia mara tatu katika siku mbaya, ukiwa umelala vibaya, umesafiri, na hakuna muziki unaoupenda. Kwa wanyanyuaji wengi niliowasaidia, uzito huo huangukia karibu na asilimia 90 ya kiwango chao bora cha kweli, yaani kile walichokifanya kwa kufuata kanuni, si kile walichorekodi kwenye simu kwa nusu ya kina. Mtu mwenye skwoti ya kilo 200 afungue kwa 180 au 182.5, aende 190 au 192.5, na jaribio la tatu ndilo atafute 200 au zaidi. Uzito hupanda kwa vipimo vya kilo 2.5, na ukishakosa huruhusiwi kushuka. Unaweza tu kurudia uzito uleule au kuongeza. Kanuni hii ya kutoshuka ndiyo iliyonifunga mimi. Baada ya kukosa 190 sikuwa na mlango wa kurudi kwenye 175, na kila jaribio lililofuata nililifanya nikiwa nimechoka zaidi na nina hofu zaidi.

Kijana akinung'unika kwamba uzito wa kufungulia ni mdogo mno, mimi humweleza kwamba jaribio la kwanza ni mali ya timu, la pili ni la kumjengea nafasi, na la tatu ni lake mwenyewe, alifanye atakavyo. Wengi hukubali wakielezwa hivyo. Asiyekubali, kocha amwandikie uzito wa kufungulia yeye mwenyewe. Hapa sioni sababu ya kubembelezana.

Hata hivyo uzito mdogo hautamwokoa mtu ambaye hajazoea amri. Katika skwoti refa mkuu hutoa amri ya kuanza na amri ya kurudisha chuma kwenye stendi. Katika benchi kuna amri tatu, ya kuanza, ya kusukuma na ya kurudisha. Katika dedilifti kuna moja tu, ya kushusha. Mnyanyuaji anayerudisha chuma kabla ya amri hupata taa nyekundu hata kama aliinua kwa urahisi kama anayeinua fimbo. Nimeshuhudia taa nyekundu nyingi zaidi zilizotokana na haraka kuliko zilizotokana na udhaifu wa misuli, na jambo hilo huniuma, kwa sababu linazuilika kabisa. Kwa wiki nane za mwisho, kila seti nzito katika klabu yetu hufanywa mbele ya mtu anayetoa amri, na mtu huyo huagizwa kuzichelewesha makusudi mara nyingine, kwa kuwa marefa hawafanani na wengine husubiri kwa muda mrefu chuma kitulie kifuani kabla ya kuruhusu kusukuma. Katika benchi pia kuna sharti lililoingia mwaka 2023, kwamba sehemu ya chini ya kiwiko ishuke hadi usawa wa juu wa bega au chini ya hapo. Wale waliozoea kupinda mgongo sana na kushika chuma kwa upana mkubwa walilazimika kujifunza upya, na kuna ambao bado hawajajifunza. Kina cha skwoti nacho kikaguliwe kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Marefa wawili wa pembeni ndio wenye jicho zuri la nyonga, na video iliyopigwa kutoka mbele itakudanganya kama ilivyonidanganya mimi.

Kuhusu kupunguza uzito wa mwili ili kuingia daraja la chini, msimamo wangu ni mkali: anayekwenda mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza asipunguze chochote. Kipimo cha uzito wa mwili huanza saa mbili kabla ya shindano na huchukua saa moja na nusu, kwa hiyo aliyejinyima maji na chakula hana muda wa kuurudisha mwili katika hali yake kabla ya skwoti. Yapo mashirikisho mengine yanayopima siku moja kabla, na ushauri wa wanyanyuaji wa huko usiuchukue ukauleta katika mashindano ya kupimwa siku hiyohiyo. Mwenye uzoefu anayezidi daraja lake kwa kilo moja hivi anaweza kupanga na kocha wake wiki kadhaa mapema. Zaidi ya hapo, timu inahatarisha jumla nzima kwa ajili ya nafasi moja ya kubahatisha. Kwenye kipimo ndipo pia mnyanyuaji anapotaja uzito wa kufungulia kwa minyanyuo yote mitatu, na vipimo vya urefu wa stendi yake na ya benchi viwe vimeandikwa, kwa kuwa stendi iliyo juu kwa sentimita chache humlazimisha mtu kusimama kwa vidole vya miguu akiwa na kilo 200 begani.

Sasa nije kwenye chumba cha kupasha misuli, mahali ambapo timu changa huharibikiwa bila kujua. Wanyanyuaji hugawanywa katika makundi yasiyozidi watu 14, na ndani ya kila mzunguko, ambapo kila mtu hufanya jaribio moja, chuma huanza na uzito mdogo kikipanda. Kila jaribio huchukua kama dakika moja, maana mnyanyuaji aliyeitwa ana dakika moja ya kuanza. Hivyo kundi la watu 12 humaliza mzunguko kwa takriban dakika 12. Ukijua hilo unaweza kupanga kurudi nyuma: ikiwa mtu wako ni wa nane kwenye orodha na anafungua kwa 180, seti yake ya mwisho ya kupasha misuli, tuseme kilo 165, iwe dakika tano hadi saba kabla ya zamu yake, yaani karibu na wakati mtu wa pili anapopanda. Kabla ya hiyo kuna 150, 130, 100, 60 na chuma kitupu, kila moja ikiachana na nyingine kwa dakika nne au tano. Mimi huandika ratiba hii kwa kila mtu kwenye karatasi usiku wa kuamkia shindano, nikiacha nafasi ya kusahihisha.

Na masahihisho huja. Kila mnyanyuaji anaruhusiwa kubadilisha uzito wa kufungulia mara moja. Walio katika kundi la kwanza wana hadi dakika tatu kabla ya mzunguko kuanza. Watu watatu wakipunguza uzito wao, mtu wako wa nane anageuka kuwa wa kumi na moja, na aliyekwisha maliza kupasha misuli anapoa akiwa amekaa. Kwa hiyo msaidizi asikae chumbani muda wote. Kazi yake ni kwenda na kurudi kati ya chumba na meza ya waandishi, akisoma orodha mpya. Msaidizi mmoja ahudumie wanyanyuaji wawili, wasizidi hapo kama wako kundi moja. Mwaka mmoja nilijaribu kuwahudumia wanne peke yangu, na mmoja wao alipanda kufanya dedilifti akiwa amefanya seti mbili tu za kupasha misuli, kosa ambalo lilikuwa langu kabisa, si lake.

Kazi nyingine ya msaidizi ni kupeleka uzito wa jaribio linalofuata. Baada ya taa kuwaka kuna dakika moja tu, na isipopelekwa karatasi, waandishi wataongeza kilo 2.5 tu wenyewe ikiwa jaribio lilifaulu, au watarudia uzito uleule ikiwa halikufaulu. Katika skwoti na benchi, uzito wa jaribio la pili na la tatu ukishatajwa haubadiliki. Mnyanyuaji anayeshuka jukwaani akihema hawezi kufanya hesabu hiyo vizuri, na asiombwe kuifanya. Yeye aseme neno moja tu, jepesi au zito, na msaidizi aamue.

Vifaa sitavizungumzia kwa urefu. Mkanda usizidi sentimita 10 kwa upana, vifuniko vya magoti viwe miongoni mwa vile vilivyoidhinishwa, soksi ndefu zivaliwe kwa dedilifti, na kila kitu kikaguliwe mapema badala ya kuazimana mlangoni. Dawa ni suala zito zaidi. IPF inafuata kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na kwa kanuni hizo mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Baadhi ya dawa za mafua zina viambato vilivyokatazwa siku ya mashindano, na virutubisho vya kuongeza nguvu huweza kuwa na vitu visivyoandikwa kwenye kopo. Katika klabu yetu mtu haanzi kirutubisho kipya wala dawa yoyote katika wiki za mwisho bila kumwambia kocha na daktari.

Dedilifti ndiyo mnyanyuo ambapo maandalizi yote haya hulipa, kwa sababu ndiyo ya mwisho na kila timu inajua inachohitaji. Hapa jaribio la tatu linaweza kubadilishwa mara mbili, mradi mnyanyuaji hajaitwa kwenye chuma kilichowekwa uzito aliouomba. Katika safari yetu ya karibuni, mwenzetu mmoja alikuwa nafasi ya tano akiwa na kilo 245 za skwoti na benchi kwa pamoja na dedilifti ya 162.5, na kwa jaribio la tatu alikuwa ameomba 172.5, uzito ambao hajawahi kuugusa. Mpinzani wa nafasi ya nne alikuwa amemaliza jaribio lake la mwisho kwa kilo 165 na jumla yake ilikuwa 412.5. Wawili wakilingana, aliye mwepesi zaidi kwenye kipimo ndiye huwekwa mbele, na mwenzetu alikuwa mwepesi kwa gramu 400. Tulikuwa tumeandika uzito wa kila mtu wa daraja lake tangu asubuhi. Nilikwenda mezani nikashusha ombi hadi 167.5, uzito uliotosha kumfikisha kwenye 412.5 ileile. Aliinyanyua taratibu, magoti yakanyooka, akasubiri amri ya kushusha kwa utulivu ambao bado unanipa furaha kila ninapoukumbuka, na taa tatu nyeupe zikawaka. Tulitoka na pointi saba badala ya sita, na kabla hajafungua mkanda nilikuwa nimerudi mezani kuhakikisha kwamba jumla yake imeandikwa sawasawa.