Omba Pangani, Lushoto iache ipite

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa Makorora hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia na dada yako amerudi kazini. Sauti uliyonituma nimeisikiliza, nikairudia, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana jambo lenye hesabu linataka karatasi.

Umeniuliza hivi: msambazaji unayempelekea mzigo wa Muheza hadi Segera ametangaza ruti mbili zaidi. Moja ni Pangani, nyingine inapita Korogwe na Mombo kupanda Lushoto. Kila mwenye gari aandike bei yake ya safari, mkataba ni wa mwaka mmoja, na bahasha zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Unataka kujua uombe zote mbili, uombe moja, au utulie na yako. Kisha mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza kama hati ya kiwanja cha Pongwe yaweza kuwekwa rehani benki ukanunua lori dogo jingine, Canter ya pili.

Naanza na kiwanja. Hapana. Kile ni chenu nyote watatu, na hata kingekuwa chako peke yako ningekukataza. Mkataba ni wa mwaka mmoja, deni ulilonitajia ni la miaka mitatu. Mwaka ukiisha ruti inatangazwa upya, mwingine anaandika bei ya chini, wewe unabaki na gari lisilo na mzigo na benki inadai kila mwezi. Hilo limekwisha.

Sasa Pangani. Gari lako linatoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine limelala uani. Pangani wanataka mzigo Jumanne na Alhamisi, na kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 50, unapita Tongoni na Kigombe ukiwa unashusha. Bima, vibali vya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, gari lenyewe, vyote hivyo ruti ya Muheza imeshavilipia. Pangani itadai dizeli, matairi, sevisi na watu. Mtu anayenunua gari kwa ajili ya Pangani peke yake hawezi kuandika bei utakayoandika wewe, na wewe bado ukabaki na faida. Hapo ndipo nguvu yako ilipo, mwanangu, na naona hukuigusa kabisa katika maelezo yako. Ulizungumza Lushoto tu kwa sababu inalipa zaidi kwa safari.

Lushoto inalipa zaidi kwa sababu inakula zaidi. Kutoka Tanga mpaka Lushoto mjini ni zaidi ya kilomita 150, na kipande cha kutoka Mombo kupitia Soni ni kupanda na kona tupu. Tuseme kwenda na kurudi na mizunguko ya kushusha ni kilomita 320. Canter yako umeniambia inakwenda kilomita 7 kwa lita. Hizo ni lita 46 hivi, na kwa mlima ongeza. Tuseme lita ni shilingi 3,000: ni 138,000 kabla hujampa dereva posho, kabla utingo hajala, kabla hawajalala Lushoto kwa sababu giza limewakuta huko. Breki zinazoshuka mlima huo kila wiki hazidumu kama za Muheza. Masika ikija, udongo unaporomoka barabarani na gari linakaa Mombo na mzigo wa watu.

Najua utasema kuna mzigo wa kurudi, kabeji na karoti na viazi. Ni kweli, na kwa mtu mwenye mkataba unaoruhusu, Lushoto inaweza kuwa nzuri sana. Lakini soma karatasi yao. Gari linalobeba biskuti na unga kesho haliwezi kunuka maji ya kabeji leo, na wasambazaji wengi wanakataza kubeba kitu cha mtu mwingine. Kama wanakataza, unarudi mtupu kilomita zote zile, na bei yako lazima ilipe kwenda na kurudi.

Kuna kitu nimekiona miaka yote niliyokaa dukani nikipokea mzigo. Mabwana wa magari wanaandika bei, na anayeshinda mara nyingi ni yule aliyesahau gharama fulani. Alisahau matairi, au alihesabu dizeli ya kwenda tu. Miezi mitatu anakuja kwa wakati, mwezi wa nne anaanza kuruka Alhamisi, mwezi wa sita hatumwoni. Kwa hiyo usiulize wenzako wataandika ngapi. Andika kwanza bei ambayo chini yake huendi, ifunge, halafu ongeza faida yako juu. Ukishindwa kwa bei hiyo umeshinda.

Dizeli iandikie kifungu. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Tanga imo kwenye tangazo hilo, kwa hiyo hakuna ubishi wa bei ilikuwa ngapi. Waombe mkataba useme: bei ya Tanga ikipanda kupita kiasi mtakachokubaliana, malipo ya safari yanapanda, ikishuka yanashuka. Unakumbuka 2022, lita ilipovuka 3,000 mpaka serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi wa sita? Waliokuwa wamejifunga kwa bei moja ya mwaka mzima walitembeza magari kwa fedha zao.

Na wanalipa baada ya siku 45. Hilo ulilitaja haraka haraka. Pangani mara mbili kwa wiki ni safari 12 au 13 kabla hujaona senti. Kwa kilomita 120 za siku nzima ni lita 17, karibu 51,000 kwa safari, yaani zaidi ya 600,000 za dizeli zitoke mfukoni mwako kwanza. Hizo unazo. Lushoto kwa siku hizo hizo ni zaidi ya 1,600,000, na hizo huna.

Waulize pia Pangani yao inaishia wapi. Kama ni Pangani mjini tu, vizuri. Kama wanataka mzigo uvuke mto kwenda Bweni na kuteremka mpaka Kipumbwi, hiyo si ruti ile ile, na iwe na bei yake peke yake. Iandikwe kwa majina ya vituo, isiandikwe "wilaya ya Pangani".

Linalonipa wasiwasi zaidi ni mtu wa kuendesha. Huwezi kushika usukani siku tano, upakie ghala alfajiri, ufunge hesabu usiku. Utingo wako anajua maduka yote ya Muheza kwa majina ya wenyewe, na wenye maduka tunamzoea mtu, gari hatulijui. Kama leseni yake ni ya daraja linaloruhusu gari hilo, mpe Muheza yeye, wewe nenda Pangani ukajulikane na wenye maduka. Mlipe mshahara wa mwezi, si posho ya kubahatisha, maana ndiye atakayeshika fedha za mauzo na upungufu wowote utakatwa kwako. Wenye maduka walipe kwa lipa namba kadiri inavyowezekana.

Jumamosi gari liende gereji, kila Jumamosi, hata kama halilii. Na zungumza mapema na mwenye Canter nyingine pale Kange, mkubaliane bei ya kukukodishia lake, lako likiharibika. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Nitumie bei yako ya Pangani kabla hujafunga bahasha, pamoja na daftari la dizeli la miezi miwili iliyopita. Nitaipitia usiku nikishafunga duka. Baba yako anasema umletee machungwa ukipita Muheza.

Mama yako